Fremu ya TV imelegea, imeinama au inalia? Usikaze kwanza, tafuta sababu

Mtu akiona fremu ya TV imeanza kuachia ukuta anachukua spana anakaza, na hapo ndo anaharibu. Bolti isiyo na pa kushika ukiikaza inazidi kusaga tobo lake, unapata amani wiki mbili tatu alafu tatizo linarudi likiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo weka spana pembeni kwanza.

Naongelea ile fremu ya mbao inayofungwa ukutani, braketi inafungwa kwenye fremu, TV inaning'inia kwenye braketi. Watu wanaitengeneza kwa sababu ukuta ni dhaifu au una uwazi ndani, au matobo ya braketi hayaangukii sehemu ngumu, au TV ni nzito na braketi ni ile ya mkono inayovutwa nje. Kuna maungio matatu tu hapo: ukuta na fremu, fremu na braketi, braketi na TV. Kazi ya kwanza ni kujua ni lipi linacheza.

Namna ya kujua ni rahisi. Kabla hujashusha TV chukua penseli, chora mstari ukutani kufuata makali ya juu ya fremu na mwingine kufuata ubavu mmoja. Alafu chukua karatasi ya kawaida jaribu kuipenyeza nyuma ya fremu, juu, katikati, chini, pande zote. Mwisho tafuta mtu asukume TV kidogo sana kwenda kushoto na kulia huku wewe umeweka ncha ya kidole pale mbao inapokutana na ukuta, nusu ya kidole kwenye mbao nusu kwenye plasta. Kidole kinasikia mchezo ambao jicho haliuoni. Fanya hivyo hivyo kati ya braketi na mbao. Ukishajua, shusha TV, muwe wawili, isimame wima imeegemea sehemu salama, usiilaze kifudifudi maana hivi vioo vikubwa vyembamba havitaki mchezo.

Juu kuna upenyo, chini imebana

Hii ndo dalili ya kuogopa kuliko zote, na kama umeiona usisubiri wikiendi, shusha TV leo. Karatasi inaingia nyuma ya mbao ya juu, chini haiingii. Maana yake bolti za juu zinachomoka taratibu.

Wengi wanapiga hesabu ya uzito tu, TV kilo 30, bolti nne, basi kila moja inabeba kilo saba na nusu, kazi imeisha. Ingekuwa kweli kama TV ingekaa ndani ya ukuta. Iko mbele ya ukuta, kwa hiyo mbali na kushuka chini inavuta sehemu ya juu itoke nje huku sehemu ya chini inakandamiza ukuta. Beba ndoo ya maji karibu na mwili unatembea nayo vizuri tu, sasa nyoosha mkono mbele uishike hivyo uone bega, na maji hayajaongezeka hata tone.

Hesabu yenyewe iko hivi: kilo za TV, zidisha kwa umbali kutoka ukutani mpaka katikati ya unene wa TV, gawanya kwa urefu kutoka bolti za juu mpaka makali ya chini ya kile kinachoegemea ukuta. Chukua TV ya kilo 30 kwenye mkono uliovutwa sentimita 50, braketi imefungwa moja kwa moja ukutani na bolti zake za juu ziko sentimita 25 tu kutoka makali ya chini. 30 mara 50 gawa kwa 25, unapata 60. Yaani bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 60, mara mbili ya uzito wa TV, na hapo hujaweka uzito wa mkono wenyewe wala mtoto aliyeamua kuning'inia. Sasa weka fremu yenye sentimita 80 kutoka bolti za juu mpaka chini, nguvu ile inashuka mpaka chini kidogo ya kilo 19. Na ukikunja mkono, TV ikabaki sentimita 10 kutoka ukutani, haifiki hata kilo 4.

Kwa hiyo kinachosaidia hapa ni urefu wa fremu kwenda chini, sio upana. Fremu pana na fupi inapendeza kwa sababu inajificha nyuma ya TV lakini kwa braketi ya mkono haina msaada mkubwa. Na kama fremu ilitulia muda mrefu alafu imeanza kuachia juzi, jiulize kama kuna mtu alibadilisha braketi ile ya kubana ukutani akaweka ya kuvuta nje, jibu mara nyingi liko hapo.

Dawa: rudisha fremu ikiwa ndefu zaidi, mbao za kusimama zishuke chini, bolti za juu ziwe kwenye matobo mapya na ziwe zaidi ya mbili. Kama ukuta wenyewe ni wa kubahatisha, shusha zile mbao mbili za kusimama mpaka sakafuni kabisa. Hapo uzito wote unashuka kwenye sakafu na kazi ya ukuta inabaki moja, kuzuia fremu isianguke mbele. Wengi hawapendi muonekano wake, lakini unaweza kuifunika na ubao mwembamba na nyaya zikapita humo humo ndani, mimi naona inatoka nzuri kuliko nyaya zinazoning'inia.

Skrubu inazunguka tu, haishiki

Hapa sababu ziko nyingi na zinafanana ukiziangalia kwa juu, kwa hiyo chomoa skrubu moja uiangalie.

Kama fisha, ile plagi ya plastiki inayokaa ndani ya tobo ili skrubu ishike, imetoka nayo, tobo ni kubwa. Fisha ya milimita 10 inataka biti ya milimita 10, lakini ukishika drili mkono unacheza tobo linatoka la 11 au 12 na mdomo umekuwa mpana, hasa kwenye tofali laini. Wengine hapo wanachomeka njiti za kiberiti au vipande vya mbao, ambavyo kwa picha ya ukutani sawa, kwa TV nzito hapana kabisa. Panda fisha kubwa zaidi na skrubu yake nene zaidi, au hamia sehemu nyingine ya tofali lile lile, au tumia resini ya kufungia bolti.

Kama skrubu imetoka peke yake ikiwa na vumbi jingi kwenye meno, tobo halikusafishwa. Vumbi likibaki ndani fisha inalikalia hilo badala ya kukalia ukuta. Ukimaliza kutoboa pitisha brashi nyembamba, puliza kwa pampu, pitisha tena. Macho yafunike.

Kama skrubu ni fupi, hilo ndo tatizo linalonikera maana linaepukika kwa kutumia tepu ya kupimia tu. Plasta sio ukuta. Plasta haishiki kitu. Fisha nzima inatakiwa iwe ndani ya tofali au zege, ikipita plasta yote. Piga hesabu ya skrubu hivi: unene wa mbao, ongeza unene wa plasta, ongeza urefu wa fisha, ongeza kidogo ili ncha itokeze mbele ya fisha. Mbao ya milimita 45, plasta 15, fisha 60, tayari ni 120, kwa hiyo unatafuta ya 130 hivi. Mtu akiweka ya 80 kwa sababu ndo iliyokuwepo, 45 inaishia kwenye mbao, 15 kwenye plasta, kinachoshika ni milimita 20. Sentimita mbili za skrubu zinabeba TV yako.

Kama drili iliingia ghafla kama imedumbukia, tofali lina uwazi. Fisha ya kawaida haina cha kusukuma pale ndani. Na kama ulitoboa ukiwa umewasha ile hali ya kugonga, ukuta mwembamba wa tofali umevunjika kwa ndani bila wewe kuona. Matofali ya uwazi toboa kwa kuzungusha tu bila kugonga, alafu tumia resini na kile kisoksi cha wavu kinachoizuia isimwagike kwenye uwazi, acha ikauke muda ulioandikwa kwenye mkebe ndo ufunge. Bolti za kutanuka, zile zenye ganda la chuma, usizipeleke huko, zenyewe zinataka zege au tofali gumu la kujaa na zinaweza kupasua tofali la uwazi.

Kama vumbi lilibadilika rangi wakati unatoboa, mfano lilianza jekundu likawa la kijivu, umetoboa kwenye kiungio cha udongo kati ya tofali na tofali. Sogea, tafuta katikati ya tofali.

Nyufa kwenye plasta kuzunguka bolti

Ufa mmoja mdogo wa juu juu unaweza kuwa ni plasta tu imelalamika wakati wa kutoboa. Nyufa zinazotoka kwenye bolti kama miale, au zinazoongezeka, ni bolti ya kutanuka iliyo karibu mno na ukingo wa tofali au iliyokazwa kupita kiasi. Hizi bolti zinashika kwa kusukuma pande, ukizidisha zinapasua kile kile zinachokishika. Kugonga kwa konzi kunasaidia: plasta iliyoachia inatoa mlio mtupu. Toa plasta iliyokufa uone tofali, kama tofali lenyewe limepasuka achana na tobo hilo.

Ukuta wa jipsamu: bodi inabonyea au inavutwa

Bodi ya jipsamu ya kawaida ina milimita 12 na nusu, ni unga uliobanwa kati ya karatasi mbili. Haikuumbwa kubeba TV, na fisha za jipsamu zinaandikwa kilo nyingi kwenye pakti lakini kilo hizo ni za kitu kilichobana ukutani kinachoshuka tu chini, sio mkono unaovuta nje.

Ukiona bodi imebonyea chini ya fremu na imevimba juu, fremu imefungwa kwenye bodi peke yake. Tafuta nguzo za ndani. Pitisha sumaku taratibu, itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizofunga bodi, na skrubu hizo zinapanda kwa mstari mmoja ambao ndo nguzo. Umbali kati ya nguzo huwa ni kama sentimita 40 au 60, katikati hadi katikati. Fremu yako lazima ishike nguzo mbili au zaidi, na kama braketi inaangukia kati kati ya nguzo usihangaike, kazi ya fremu ndo hiyo: plaiwudi ya milimita 18 au mbao za kulala zinafungwa kutoka nguzo hadi nguzo, braketi inakaa popote juu yake.

Nguzo za mbao hazina shida, skrubu nene za kichwa cha nati za milimita 8 zikiingia kwenye mbao ya ndani sentimita 5 au zaidi zinatosha. Nguzo za bati jembamba ndo mtihani, skrubu inang'ata bati lisilofika hata milimita moja na ikivutwa mara nyingi inatoka na meno ya bati. Hapo fungua bodi, ingiza mbao ndani ya nguzo, funga, rudisha bodi. Ni kazi ya vumbi lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini kwa TV nzito.

TV imeinama upande mmoja

Weka pima maji juu ya fremu kwanza, sio juu ya TV. Fremu ikiwa sawa na TV imeinama, braketi nyingi zina matobo marefu au skrubu ndogo za kusawazisha, legeza, nyoosha, kaza. Dakika tano.

Fremu ikiwa imeinama angalia ule mstari wa penseli. Kama fremu imeshuka upande mmoja chini ya mstari, bolti za upande huo zimekata tobo kwenye mbao au zimepinda. Matobo ya mbao yaliyotobolewa makubwa kuliko bolti yanaacha mbao iteleze mpaka ikutane na bolti. Weka washa pana, kile kiduara bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti, na toboa saizi inayobana.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, mbao mbichi. Mbao ikikauka inapungua unene na upana, urefu karibu haubadiliki. Fremu iliyokazwa vizuri kabisa siku ya kwanza inakuja kukutwa washa zinazunguka kwa kidole, na mbao yenyewe inaweza kujipinda kama propela. Kama ukuta umekagua uko salama, fisha hazichezi na kilichopungua ni mbao tu, basi hapa ndo sehemu pekee kukaza ni dawa halali. Kama imejipinda ibadilishe, haitarudi.

Kona za fremu zinafunguka

Angalia jinsi mbao zilivyokutana. Mara nyingi utakuta mbao ya kulala imegusishwa tu kwenye mbao ya kusimama, alafu skrubu ndefu imepigwa kutoka pembeni ikaingia kwenye kichwa cha mbao, yaani sambamba na nyuzi zake. Skrubu ikiwa sambamba na nyuzi inachomoka kirahisi, na mbaya zaidi uzito wote unakaa juu ya skrubu.

Mbao ikalie mbao. Kata nusu kwa nusu, kila moja inatolewa nusu ya unene pale zinapopishana, zinalala flati, gundi ya mbao, skrubu. Kama hutaki kubomoa, pachika kipande cha plaiwudi cha pembetatu kila kona kwa gundi na skrubu, au vyuma vya kona. Na braketi isikae kwenye mbao moja nyembamba ya katikati inayojikunja, ikae kwenye mbao mbili za kulala au kwenye plaiwudi iliyofunika fremu yote.

Mbao ikipasuka pale skrubu ilipoingia, haikutobolewa kwanza. Skrubu ya milimita 8 kwenye mbao laini itangulize tobo la kama milimita 5 na nusu hadi 6, mbao ngumu ongeza kidogo, na kaa mbali na ncha ya mbao.

Fremu inacheza hata bolti zikiwa zimekaza

Ukuta hauko flati. Kuta chache sana ziko flati, weka ubao mrefu ulionyooka uone mwanga unavyopita nyuma yake. Ukikaza fremu kwenye ukuta wenye bonde mbao inajikunja kufuata bonde, braketi inapinda nayo, na siku mbao ikishinda inalegea. Weka kabari ngumu nyuma ya fremu hasa pale bolti inapopita, sio karatasi zilizokunjwa, alafu kaza. Angalia pia kama vichwa vya bolti za braketi vimetokeza nyuma ya fremu vikagusa ukuta, hivyo vinatakiwa vizamishwe ndani ya mbao.

Inalia

Mlio wa kukwaruza ukivuta mkono ni bawaba za braketi, grisi kidogo, au ni maungio ya fremu yasiyo na gundi. Mtetemo unaokuja na sauti nzito tu ni kitu chepesi kilicholegea: waya unaogonga, kifuniko, fremu isiyogusa ukuta sehemu moja. Weka sauti inayoleta mtetemo alafu bonyeza kitu kimoja kimoja kwa kidole mpaka inyamaze. Kipande cha mpira kinamaliza.

Skrubu za nyuma ya TV hazifiki au zinagota

Matobo ya nyuma ya TV yanafuata kipimo cha VESA, yaani umbali kutoka tobo hadi tobo kwa milimita, mfano 200 kwa 200, 400 kwa 400, 600 kwa 400, na TV kubwa nyingi zinatumia skrubu za M6 au M8, yaani unene wa milimita 6 au 8. Skrubu ikigota kabla braketi haijabana, ni ndefu, usiilazimishe kwa sababu ndani kuna kioo na bodi za umeme. Weka vile vibomba vya plastiki vinavyokuja na braketi, au tafuta fupi. Ikiingia mizunguko miwili tu ikafika mwisho wa kukaza, ni fupi, nayo itachomoka na uzi wake. Mgongo wa TV ukiwa na kona ya kuvimba, vibomba hivyo hivyo ndo vinasawazisha.

TV ikiinamia mbele yenyewe, fremu haihusiki, kaza skrubu za pembeni za kuinamisha. Zikikaza na bado inashuka, braketi haiwezi uzito huo, soma kilo zilizoandikwa kwenye lebo yake.

Drili imegoma au imegusa kitu

Ikigoma ghafla kwenye zege na vumbi likitoka na chembe za kung'aa, ni nondo. Sogea pembeni sentimita chache. Lakini kabla ya tobo lolote jipya, angalia soketi na swichi: nyaya mara nyingi zinapanda au kushuka wima kutoka hapo, au zinakwenda mlalo. Usitoboe kwenye mistari hiyo. Zima umeme wa chumba kwenye meni swichi, sio kwenye TV, na ukishagusa waya usiendelee kwa kujifariji kwamba taa bado zinawaka.

Kabla hujairudisha TV

Jaribu fremu kwa maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo madumu ya lita 20 ni mzani tosha. Kama TV ni kilo 30, weka kilo 40 na kitu kwenye braketi ilimradi hujavuka kilo za kwenye lebo yake, mkono ukiwa umevutwa mpaka mwisho, chini weka godoro na zuia watoto na paka. Chora mstari mpya wa penseli. Acha usiku mzima. Asubuhi angalia mstari, pitisha karatasi juu ya fremu, weka kidole pale kwenye maungio mtu mwingine akitikisa. Karatasi ikiingia mahali ambapo jana haikuingia, toa madumu urudi kwenye bolti za juu. Isipoingia popote, pandisheni TV wawili, na zile skrubu ndogo za usalama chini ya ndoano za braketi zifunge, watu wanaziacha kwenye mfuko alafu TV inanyanyuka na kutoka siku mtu anaifuta vumbi.